Ukipewa Chombo Chenye Watoto, Utashika Usukani?

WAHENGA walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa shule ya msingi, na wengi wetu tuliwahi kuiandikia insha. Lakini siku hizi, msomaji mpenzi, tatizo letu aghalabu si wingi wa manahodha. Chombo hung'oa nanga kikiwa kimejaa kina mama, wakongwe na watoto wa kunyonya, na ukiuliza ni nani mwenye amri humo ndani, kila mtu humtazama mwenzake.

Hebu jiulize swali hili. Tuseme unaitwa leo na kuambiwa hivi: "Kuna chombo kinachosafiri kesho. Ndani yake mna jamaa nzima nzima, wazazi na watoto wao. Tumekubaliana kwamba wewe ndiwe utakayekiongoza." Je, utakubali?

Usiharakishe kujibu. Wapo watakaosema ndiyo papo hapo kwa sababu kuchaguliwa ni heshima. Wapo watakaosema la kwa sababu ya hofu. Kwa maoni yangu, wote hao watakuwa wamejibu kabla ya kulielewa swali lenyewe.

Vijana wanaopenda filamu za safari za angani wanamjua Jean-Luc Picard, nahodha wa chombo kiitwacho Enterprise katika mfululizo wa Kimarekani wa Star Trek: The Next Generation, ulioanza kuonyeshwa mwaka wa 1987. Chombo hicho kilibuniwa kubeba zaidi ya watu 1,000, na tofauti na meli za kivita tulizozizoea, watu wake waliruhusiwa kusafiri na wake, waume na watoto wao. Katika kipindi cha kwanza kabisa, nahodha huyo, mtu asiyetishwa na adui yeyote, anamwambia msaidizi wake waziwazi kwamba yeye hana jamaa na hana raha akiwa karibu na watoto. Anamwomba amsaidie asije akaonekana mbaya mbele yao.

Wengi hucheka wakifika hapo. Mimi naona aliyeandika maneno hayo alijua jambo. Askari akifa vitani, watu husema alikuwa amekula kiapo. Mtoto hakula kiapo chochote. Hakuichagua safari, hakusoma masharti, hakulipa nauli. Alibebwa tu akiwa na usingizi, akawekwa kwenye kiti. Anayekubali kuongoza chombo chenye mtoto wa namna hiyo anakubali deni ambalo mwenyewe hawezi kumsamehe.

Hiyo ni hadithi ya kubuni, na sisi watu wa Kisii na Nyamira hatuna vyombo vya kwenda kwenye nyota. Lakini tuna mabasi ya mazishi.

BASI LA ALHAMISI USIKU

Kwetu, mtu akifia Nairobi, Nakuru au Mombasa, hurudishwa nyumbani akazikwe kwenye boma la babake. Kamati huundwa, mikutano hufanywa jioni baada ya jioni, harambee huitishwa, gari la maiti hutafutwa na basi la waombolezaji hukodiwa. Humo hupanda kila mtu: shangazi wa marehemu, majirani wa mtaani, kwaya, na watoto ambao hawana wa kuachiwa mjini.

Kuna sababu inayolifanya basi hili liwe na haraka. Waadventista Wasabato ni wengi sana katika sehemu zetu, na Sabato huanza Ijumaa jua linapotua. Mazishi ya wiki sharti yamalizike kabla ya hapo. Ukiongeza kwamba wafanyakazi wengi wa mjini hupata ruhusa ya siku moja tu, utaelewa kwa nini basi hupangiwa kutoka Nairobi Alhamisi usiku. Huteremka Mai Mahiu gizani, hupita Narok na Bomet watu wakisinzia, na kuingia Sotik na Keroka jogoo wakiwika. Ni takriban kilomita 300 hadi mjini Kisii, na husafiriwa zote katika zile saa ambazo mwili wa binadamu unataka kulala, ukiwamo mwili wa dereva.

Njia hiyo ina kumbukumbu zake. Usiku wa kuamkia Agosti 29, 2013 basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Homa Bay lilianguka Ntulele, kabla ya kufika Narok, na watu 41 wakafariki. Desemba ya mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku bila leseni maalum. Hata hivyo, alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi jingine lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50, watoto wakiwamo. Wakuu walisema halikuwa na leseni ya kusafiri usiku.

Kila kamati ya mazishi inayakumbuka mambo haya. Lakini saa ya kupanga safari ikifika, utasikia sauti moja tu: "Kaburi halingoji."

KAZI ILIYOBAKI

Miaka michache iliyopita binamu yangu alifariki Nairobi, akaacha mjane na watoto wanne. Katika mkutano wa tatu wa kamati, baba mdogo aliyekuwa mwenyekiti alinitazama na kusema, "Binti yetu, wewe utakuwa kiongozi wa basi. Kazi yako gazetini ni kuwauliza watu maswali. Leo tumekupa watu wa kuuliza."

Watu walicheka, na kazi zote zikawa zimegawanywa. Wanaume wenye sauti walikuwa tayari wamejiandikisha kulisindikiza gari la maiti. Wengine walikuwa na kazi ya hema, ya chakula na ya chifu. Basi, ambalo lingebeba kina mama, wakongwe na watoto, ndilo lililokuwa limebaki bila mwenyewe.

Katika hicho kipindi cha kwanza cha filamu niliyoitaja, nahodha Picard anakigawa chombo chake vipande viwili mbele ya hatari. Kipande kimoja anakiongoza mwenyewe kwenda kumkabili adui. Kile chenye jamaa na watoto anampa Worf, mpiganaji wake mkali. Worf anaona aibu. Kwake yeye, kutumwa na watoto wakati mkubwa wake anakwenda vitani ni kushushwa hadhi. Inabidi aamrishwe. Ndivyo tulivyo hata huku kwetu. Shughuli yenye jeneza na wazee ndiyo inayohesabiwa kuwa kubwa, na ile yenye watoto hupewa aliyekosa kazi. Lakini aliye ndani ya jeneza hana tena ajali ya kuogopa.

Niliomba usiku mmoja wa kufikiri, na usiku huo sikupata usingizi wa kutosha.

Sababu za kukataa zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Mimi si dereva. Basi si langu wala la jamaa yetu. Mambo yakienda sawa, hakuna atakayekumbuka kulikuwa na kiongozi. Yakiharibika, jina langu litatajwa katika kila boma kutoka Kijauri hadi Nyamaiya, na litatajwa mbele ya mama aliyepoteza mtoto. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukiwa begani mwa mwingine huonekana mwepesi kama pamba. Walionichagua waliuona mzigo huo ukiwa begani mwangu. Isitoshe, watoto wangu wawili nao walikuwa wa kusafiri ndani ya basi hilohilo.

Nilikaribia kabisa kukataa. Kilichonizuia ni hesabu ndogo. Nikikataa, basi halitakosa kuondoka. Litaondoka saa ileile, likiwa na watu walewale, na dereva yuleyule atakayeletwa na mwenye basi. Kukataa kwangu kungeninawisha mikono mimi, lakini kusingemfunga mtoto hata mmoja mkanda.

Baadaye nikaona upande wa pili. Nikikubali tu kama nilivyoambiwa, nitakuwa nimekubali nini? Kiongozi wa basi, katika desturi yetu, hununua maji ya chupa, huanzisha sala, na huwahesabu watu baada ya kwenda haja. Dereva humsikiliza mwenye basi. Abiria humsikiliza mwenye simu. Huo si unahodha, ni kibandiko cha jina kifuani. Anayekivaa atalaumiwa kwa mambo ambayo hakupewa uwezo wa kuyazuia.

Kwa hivyo kesho yake nilirudi kwa kamati, nikasema nitakubali wakinipa mambo matatu.

WATOTO NAO WAHESABIWE

Jambo la kwanza lilikuwa orodha. Kamati ilikuwa na orodha nzuri iliyopigwa chapa, nayo ilionyesha kwamba basi la abiria 51 lingetutosha. Lakini mistari mingi iliandikwa "Mama fulani na watoto". Watoto wangapi? Wa umri gani? Hakuna aliyeuliza, kwa maana mtoto hupakatwa, na anayepakatwa halipi.

Tulikaa na mjane pamoja na shangazi mmoja, tukaandika kila mtoto kwa jina lake. Tulipomaliza, watu walikuwa 68. Katika viti 51! Hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya. Ni vile tu watoto 17 walikuwa wamejificha ndani ya neno moja, "na".

Usidhani hili ni jambo dogo la makarani. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Ilikuwa imeidhinishwa kubeba watu 430. Mamia walikufa, na hadi leo hakuna anayejua kwa yakini waliokuwamo walikuwa wangapi, kwa kuwa wengi hawakuwa kwenye orodha yoyote. Huku kwetu Kenya, Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe iliyojaa kupita kiasi ilipinduka Mombasa na kuua watu 272. Chombo ambacho idadi ya watu wake haijulikani hakiwezi kuongozwa. Huwezi hata kujua ni nani amebaki nyuma.

Wale 17 waliozidi tuliwatafutia njia. Wafanyakazi 14 ambao hawangeweza kupata ruhusa ya Alhamisi walikodiwa matatu ya kuondoka Ijumaa alfajiri, na vijana watatu wakasema watajitegemea. Kila mtoto akapata kiti chake.

GHARAMA YA MCHANA

Jambo la pili lilikuwa kusafiri mchana. Nilipendekeza basi liondoke Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, lifike alasiri, watu walale nyumbani na mwili ulale nyumbani, na Ijumaa tuzike bila kukimbizana na jua.

Mjomba mmoja alisimama kupinga, na hoja zake hazikuwa za kipuuzi. "Mama anayefua nguo mitaani," alisema, "akikosa Alhamisi hana mshahara wa Alhamisi. Watoto watakosa shule siku mbili badala ya moja. Nyumbani kutahitajika chakula cha jioni na mahali pa kulaza watu. Na basi litatozwa siku ya ziada. Nani atalipa?"

Tunapozungumza juu ya usalama wa watoto huwa tunajifanya kwamba usalama hauna bei. Una bei, msomaji, na aghalabu bei hiyo huangukia yule aliye maskini zaidi katika kundi. Kiongozi anayesema "watoto kwanza" sharti aeleze pia ni nani atakayetoa pesa. La sivyo anatoa mahubiri tu.

Tuliifungua bajeti. Mlikuwa na fulana zenye picha ya marehemu, mpiga picha za video na vitabu vya ratiba vya rangi. Mjane ndiye aliyeamua. Alisema mumewe anamjua kwa sura, hahitaji kumwona kwenye fulana. Pesa hizo zikalipia siku ya ziada ya basi, unga na mboga za Alhamisi jioni, na kifuta jasho kidogo kwa kina mama wawili wa kibarua. Mjomba hakufurahi, lakini alinyamaza.

NENO LA MWISHO

Jambo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu. Niliomba hivi: nikisema basi lisimame, lisimame, na mtu yeyote asimpigie dereva simu kupita juu ya kichwa changu.

"Binti," alisema mzee mmoja, "sasa unataka kuwaamrisha wazee?"

"Hapana, mzee. Siombi kuwaamrisha wazee. Naomba kuliamrisha basi."

Palikuwa kimya. Aliyeniokoa ni nyanya yake marehemu, ambaye alikuwa kimya tangu mkutano uanze. Alisema, "Mwacheni. Mimi ndimi nitakayekaa kiti cha mbele, na magoti yangu haya hayataki kukimbizwa." Mwenyekiti akagonga meza, na ikawa hivyo.

Nitakueleza kwa nini niling'ang'ania jambo hilo kuliko yote. Baharini na angani, watu walijifunza kwa vifo vingi kwamba nahodha asiye na neno la mwisho si nahodha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ujulikanao kama SOLAS, ulizaliwa kutokana na kuzama kwa Titanic mwaka wa 1912. Katika kanuni zake, mwenye meli, aliyeikodi, wala kampuni inayoiendesha, haruhusiwi kumzuia nahodha kuchukua hatua ambayo yeye kwa ujuzi wake anaona ni lazima ili kuokoa maisha. Kanuni za kimataifa za safari za ndege nazo humpa rubani mkuu uamuzi wa mwisho akiwa usukani. Bosi anaweza kumfuta kazi kesho. Lakini leo, angani, haruhusiwi kumlazimisha aruke ndani ya dhoruba.

Sasa mfikirie dereva wetu wa basi. Mwenye basi anamtaka arudi mapema akachukue safari nyingine. Kamati inamtaka afike kabla ya mhubiri. Abiria wanamwambia, "Dere, kanyaga." Kila mtu anayo amri juu yake isipokuwa mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kumsemea, na mtu huyo hawezi kuwa na sauti asipopewa mapema, hadharani, mbele ya wote.

SAFARI YENYEWE

Jumatano jioni nilimpigia simu dereva tuliyepangiwa, nikamwuliza alikuwa wapi. Alikuwa njiani kutoka Mombasa. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Nilimwomba mwenye basi atupe mwingine. Alilalamika, akasema sisi wateja wa siku hizi tuna maneno mengi, lakini saa kumi na moja kasoro alikuja dereva aliyekuwa amelala kwake.

Tuliteremka Mai Mahiu kwa gia nzito, watoto wakiliangalia lile kanisa dogo la Waitaliano kando ya njia. Narok tulisimama dakika 40 kamili. Kuna walionung'unika. Dereva alikunywa chai, akanyoosha miguu. Bomet tulisimama tena. Baada ya Sotik mawingu yalianza kutanda, kama kawaida ya kwetu saa za mchana, na tulipofika Chebilat, pale ambapo Bomet inapakana na Nyamira, matone yalikuwa yameanza.

Kwetu ni kama kilomita tano kutoka kwenye lami. Barabara ni ya udongo mwekundu. Huteremka hadi kwenye kijito, kisha hupanda kilima chenye majani chai pande zote mbili. Tulipofika kwenye njia panda mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Gari la maiti, lenye magurudumu yenye nguvu, lilikuwa limepita na kuacha mifereji miwili inayong'aa.

Dereva aliitazama njia. "Mama, hii nitaimudu," alisema. Sikuwa na sababu ya kumwona mwongo. Simu yangu ikalia. Alikuwa mjomba: "Wazee wamekaa, mwili umefika, mbona mmesimama huko?"

Nilitazama nyuma. Watu 51, na 23 kati yao hawakuwa wamefika darasa la sita. Nikasema tunashuka.

Tulitembea. Kina mama walivua viatu wakavibeba mkononi. Wakongwe walichukuliwa na boda boda, mmoja mmoja, polepole, lakini watoto niliwakataza kupakiwa pikipiki kwenye utelezi ule. Kwaya ilianza wimbo kule mbele, na watoto wakaufuata wakiruka vidimbwi. Ilituchukua zaidi ya saa moja. Tulifika tukiwa na matope hadi magotini, nguo za Nairobi zimeharibika, na mjomba hakunipa mkono. Ilipita karibu miezi miwili kabla hatujazungumza tena.

Huenda basi lingepita salama. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na jibu langu ni kwamba huenda. Ajali ambayo haikutokea haiachi alama barabarani, wala haiandikwi gazetini. Ukikubali kuongoza chombo chenye watoto, jua kwamba malipo yako yatakuwa hayo: lawama kwa kuchelewa, na watoto wanaolala usingizi mnono bila kujua kulikuwa na mjadala wowote.

UKIITWA, ULIZA

Usifikiri ninazungumza juu ya matanga peke yake. Kuna mwalimu anayepewa basi la shule lenye wanafunzi 60 wa ziara. Kuna kiongozi wa kwaya ya watoto wanaokwenda kuimba mji mwingine. Kuna msimamizi wa bweni. Kuna wewe, kijana wa chuo, ambaye Desemba utaambiwa, "Chukua wadogo zako uwapeleke nyumbani." Vyote hivyo ni vyombo, na ndani yake mna watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri.

Ukiitwa, uliza kwanza walio ndani ni nani, kwa majina na kwa idadi. Mtu akikwambia "watoto tu", muulize wangapi.

Pili, uliza ni nani anayelipia usalama wao. Kama jibu ni "Mungu atatulinda", sema amina, kisha uliza tena. Haraka inayowasukuma watu aghalabu ina bei inayojulikana, na ikijulikana inaweza kugawanywa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, uliza kama unaweza kusimamisha chombo. Wakikwambia ndiyo, waombe waseme hivyo mbele ya kila mtu kabla ya injini kuwashwa. Wakikwambia la, basi hawakukupa uongozi, wamekutafutia tu mtu wa kumlaumu. Hapo kataa bila haya. Lakini usikatae kisha ukanyamaza. Sema sababu yako kwa sauti, ili mama mwenye mtoto aisikie kabla hajapanda.

Na ukisha kukubali, usiondoke usukani. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Kilikuwa cha watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwamo, alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Jina la nahodha lilikuwapo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu mwenyewe.

Najua wako watakaosema kwamba mwenye hofu hafai kuongoza. Mimi nadhani mwenye hofu ndiye wa kutafutwa, mradi hofu yake imfanye aulize maswali badala ya kukimbia. Anayepewa watoto wa watu na asiione hofu yoyote, huyo hajawahesabu bado.

Msimu wa safari za Desemba hauko mbali katika mwaka wowote ule. Mkutano wenu utakapofika kwenye lile suala la basi, na macho ya watu yaanze kutafuta wa kupewa kazi iliyobaki, usiinamishe kichwa. Chukua kalamu, uombe orodha, uanze kuandika majina ya watoto.